Elfu kumi yako si elfu kumi yangu

Haya jamani, mwezi huu mmeniamulia. Nilisema maswali ya ndoa nayapumzisha kidogo, sasa naona mmeyavalisha shilingi mkayarudisha vile vile. Karibu yote yaliyoingia ni ya hela, na sio ya niwekeze wapi au riba ni ngapi, ni ya kwa nini fulani anaiona hela hivi na mimi naiona vile. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi nilikuwa keshia wa benki hapa Tanga mjini miaka mingi kabla sijastaafu, hela za watu nimezishika kuliko za kwangu, na tangu nistaafu nasoma sana wanachoandika wataalamu wa mambo ya akili na pesa, kwa hiyo mkiona nataja profesa wa Marekani kwenye habari ya nyanya za Mgandini mnivumilie.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Makorora. Mume wangu anafanya kazi bandarini, si mlevi wala si mhuni, tatizo lake moja tu, asubuhi akitoka ananiachia elfu kumi, na anaiweka mezani kwa madaha kabisa, jioni akikuta imeisha anauliza "yote?" Nikianza kumhesabia unga, mafuta, nyanya, mkaa, samaki, ananiambia mama yake alikuwa akiachiwa elfu mbili na inabaki. Juzi nikamjibu vibaya mbele ya watoto. Huyu ni bahili au ananidharau?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubahili sidhani, bahili haachi hela mezani, bahili anakupa mkononi na anakuhesabia. Na dharau sijaiona kwenye maelezo yako. Ninachokiona mimi ni kwamba hapo mezani kuna elfu kumi mbili, ya kwake na ya kwako, ila noti ni moja.

Ya kwake iko hivi. Noti ya elfu kumi ilianza kutoka katikati ya miaka ya 1990, na kipindi kile dola ilikuwa kwenye shilingi mia tano na kitu, kwa hiyo elfu kumi ilikuwa kama dola 17. Saivi haifiki dola 5. Sura yake imebadilishwa lakini mpaka leo Benki Kuu haijatoa noti kubwa kuliko hiyo, sasa mtu aliyekua akimuona baba yake anaitoa kwa nadra, labda siku ya ada au ya kununua bati, jicho lake limeshakariri kwamba hii ndo baba lao. Na usimuone wa ajabu. Shilingi ya Tanzania ilivyoanza mwaka 1966 noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya mia, leo mia ni sarafu, muuza barafu akichelewa kukurudishia unaondoka zako. Mchumi mmoja Mmarekani, Irving Fisher, aliandika habari hii tangu 1928, kwamba watu wanatazama namba iliyoandikwa kwenye hela wanasahau kutazama inanunua nini, na hapo alikuwa akiwasema Wajerumani na Wamarekani wenzake sio watu wa bandari ya Tanga. Kwa hiyo ile elfu mbili ya mama mkwe wako ilikuwa kweli na ilikuwa inabaki kweli, hajakudanganya, ila elfu mbili ile na elfu mbili hii zimefanana jina tu.

Kuna jambo jingine hapa nalipenda sana. Mwaka 1947 kule Harvard, Jerome Bruner na Cecile Goodman walichukua watoto wa miaka kumi, wakawapa sarafu mkononi, mbele yao kuna kiduara cha mwanga na kitufe cha kuzungusha, wakaambiwa kizungushe mpaka kiduara kilingane na sarafu. Watoto wengine wakafanyiwa hivyo hivyo na viduara vya karatasi ngumu vyenye ukubwa ule ule. Kwenye karatasi walipatia vizuri tu. Kwenye sarafu waliongeza, wakaona ni kubwa kuliko ilivyo, na watoto wa maskini waliongeza zaidi ya watoto wa wenye nazo. Yaani shida ilikuwa inanenepesha sarafu. Watu wakaipenda sana habari hiyo, lakini mwaka 1949 wakatokea wengine wawili, Carter na Schooler, wakarudia, na sarafu ikiwa iko mbele ya mtoto tofauti ya maskini na tajiri hawakuiona, ilijitokeza tu mtoto alipoambiwa akisie kwa kumbukumbu, sarafu haipo.

Mimi hiyo ya pili ndo inanifurahisha zaidi, maana ndo ya mumeo. Mumeo haitazami noti iliyopo mezani, anaikumbuka. Wewe ndo unayeitazama, kwa sababu wewe ndo unayeenda nayo sokoni.

Kwa hiyo kumhesabia bei jioni hakusaidii, ni maneno tu na yeye kachoka. Jumapili hii mwambie twende Mgandini wote, hela akae nayo yeye mfukoni na kikapu abebe yeye. Usitangulie mbele. Akifika kwa muuza nyanya akaulizia fungu, mwache aulize mwenyewe kwa nini zimebaki nne na juu kumewekwa mbovu, aende kwenye mafuta ya kupima aone yanavyomiminwa kwenye kifuko kama dawa ya kikohozi, achague nazi atikise, alipe, apokee chenji aitazame. Akifika kwa samaki ndo ataona msimbazi umebaki jero mbili na bado mkaa. Muhimu, usimwambie "umeona?" Wallahi ukimwambia umeona umeharibu safari yote, mwanaume wa bandarini hapendi kuonyeshwa. Mkirudi mwambie tu kwamba kuanzia sasa badala ya elfu kumi kila asubuhi tukae pamoja tupange ya wiki nzima, maana elfu kumi ya kila siku ni elfu sabini kwa wiki, na huwezi kujua, ikitajwa kwa wiki pengine ataona anatoa nyingi mno au ataona ni kidogo, ila angalau mtakuwa mnaongelea kitu kimoja.

Lile la mbele ya watoto muombe radhi, hilo halihusiani na Fisher.

SWALI: Mambo Shangazi, samahani, shikamoo. Mi kijana wa bodaboda, kijiwe changu Chumbageni. Abiria wakinilipa keshi jioni nafika nyumbani nayo, ila siku ambayo wengi wamenilipa kwa simu asubuhi nikicheki salio imebaki elfu tatu na sielewi imeenda wapi, bando, demu kaomba ya kutolea, kubeti kidogo. Halafu kingine, nikiwa na msimbazi mzima naweza kuukalia hata siku mbili lakini nikishauvunja tu siku hiyo hiyo haupo. Ni mkosi au nini? Naomba usinihubirie habari ya kubeti.

JIBU: Marahaba, na sikuhubirii, umeshajihubiria mwenyewe ulivyoandika "kidogo".

Mkosi hakuna. Noti unayoitoa mfukoni unaiona inaondoka, unaona na mfuko umepungua, kuna kaumivu fulani. Kwenye simu unabonyeza namba ya siri, ile ile uliyobonyeza kuangalia salio, kidole hakijui tofauti. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT walifanya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu kwa wanafunzi, wengine wakaambiwa mkishinda mtalipa keshi, wengine mtalipa kwa kadi. Wa kadi walitaja bei karibu mara mbili. Tiketi zile zile, mji ule ule, na hao ni wanafunzi wa biashara, watu ambao hesabu ndo kazi yao! Huku kwetu M-Pesa iliingia 2008, wengi wenu vijana hamjawahi kuwa na hela ya utu uzima bila simu, kwa hiyo hilo kaumivu hamkulizoea kabisa.

La msimbazi nalo lina watu wake, Priya Raghubir na Joydeep Srivastava, 2009, waliona kwamba mtu mwenye noti moja kubwa anaogopa kuigusa kuliko mwenye hela ile ile iliyovunjwa vunjwa. Hapo hawakuniambia kitu kipya. Mimi kwenye dirisha langu nilikuwa nao wateja wafanyabiashara wa samaki wa pale Deep Sea, hela zao nilikuwa nazijua kabla sijaziona, zinanuka samaki, zimelowa, zimekunjwa na chumvi yake, na hao hao wakija kutoa walikuwa wananiambia "Shangazi nipe zilizonyooka, hizi chakavu ntazimalizia hapo nje." Sikuwahi kuwauliza kwa nini. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba 2013 kina Fabrizio Di Muro na Theodore Noseworthy walipima jambo hilo hilo, aliyepewa noti chakavu anaitoa haraka kuliko aliyepewa mpya, kama vile anataka iondoke mkononi kwake, isipokuwa akiwa mbele ya watu anaotaka wamuone, hapo anatoa ile mpya. Sasa nani Tanga hajui hilo? Nenda kwenye taarabu uone mwanamke anayekwenda kumtunza mwimbaji kama anakwenda na noti iliyochanika. Na wiki ya mwisho wa Ramadhani foleni ya benki nusu ni watu wanatafuta noti mpya za kugawia watoto Idd, mtu kashika laki nzima nzuri tu anataka abadilishiwe kwa laki. Ile noti ya mia tano ndo ilipigwa mkono mpaka ikachoka, ikawa inaisha haraka kwenye mzunguko, Benki Kuu wakaleta sarafu yake mwaka 2014, na mimi nilivyoiona nikasema basi jero imeshuka cheo, maana kitu kikishakuwa sarafu hata konda hakihesabu sana.

Fanya hivi. Jioni kabla hujaondoka kijiweni, hesabu ya bosi na ya nyumbani itoe kwa wakala, yote mara moja, na umwambie akupe noti kubwa kubwa, asikupe buku buku. Makato yatakuuma, na yakuume, hicho ndo unachokinunua. Iliyobaki kwenye simu ndo ya bando na huyo wa ya kutolea, ikiisha imeisha. Ukiweza zile kubwa uzikabidhi kwa mama ukiwa bado na helmeti kichwani, maana ukishaivua umeshakaa, na ukishakaa umeshashika simu.

SWALI: Kuna tajiri mmoja huku Raskazoni, ana nyumba za kupangisha, gari mbili, lakini kwa muuza karanga anabishania chenji ya mia mbili mpaka mate yanamtoka. Hela anazo za nini sasa?

JIBU: Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwauliza watu, kikokotoo kinauzwa dola 15, duka jingine mwendo wa dakika ishirini kinauzwa 10, utaenda? Wengi wakasema naenda. Wengine wakaulizwa habari ya kikokotoo cha dola 125 ambacho kule ni 120, wengi wakasema aa siendi. Dola tano ni zile zile na mwendo ule ule. Mia mbili kwenye karanga za mia tano ni kitu kikubwa, mtu anaiona, na huyo huyo tajiri wako ukimkuta ananunua gari anasamehe laki tatu kwa kutingisha mkono. Kama unataka kula hela yake usimuuzie karanga.

SWALI: Assalaam aleykum Shangazi. Nina miaka 43, kwetu upande wa Mkinga. Babu alituachia shamba la minazi, mwaka huu limepata mnunuzi kutoka Dar, nikauza, mkononi nimeshika milioni 12. Nataka kununua bajaji iingize hela kila siku. Tatizo mama. Anasema hela ya minazi ya baba yake haikai, na kitakachonunuliwa nayo yeye hatakipanda wala hatakula kilichotoka humo. Nilimnunulia kilo tano za sukari akazigawa zote kwa majirani. Hela si hela tu jamani? Au ndo ushirikina?

JIBU: Waaleykum salaam. Kabla ya yote nijibie moja ambalo hujaligusa. Umeandika "alituachia" halafu "nikauza". Nyie mko wangapi? Kama kuna wadogo zako, dada zako, mama mwenyewe ana fungu lake kwa baba yake, na wote hawajakaa wakakubaliana, basi mama hasemi ushirikina hata kidogo, anakwambia kwa adabu kwamba hela ina wenyewe. Nenda kalimalize hilo kwanza, na mgao wa mirathi ukiwa haujafanyika muite shehe wa msikiti wenu au muende mahakama ya mwanzo, halafu ndo usome huku chini.

Tuseme mmeelewana. Hela si hela tu, hapana. Profesa mmoja anaitwa Richard Thaler alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2017, na kati ya kazi zake kubwa ni kuonyesha kwamba watu kichwani wana mafungu, hii ya kodi, hii ya starehe, hii ya zawadi, na elfu kumi ikiwa fungu hili mtu anaikalia, ikiwa fungu lile anaimwaga, wakati dukani muuzaji hajui imetoka wapi. Wachumi wa zamani walikuwa wanasema hilo ni kosa la hesabu. Mimi sikubali sana kwamba ni kosa, maana mama yako hesabu anaijua. Wajaluo nao, wa Kenya na wa kwetu Rorya, wana hela wanaiita makech, chungu, Mmarekani Parker Shipton aliwaandika mwaka 1989 baada ya kukaa nao, na hela ya kuuza ardhi ndo ya kwanza kwenye hiyo orodha, ukiinunulia ng'ombe wa mahari wanaamini hao ng'ombe wanakufa na ndoa inakufa. Tazama kazi inayofanywa na imani hiyo. Ardhi ni ya waliokufa na wasiozaliwa bado, mtu mmoja anaweza akaiuza kwa mchana mmoja, sasa jamii haina polisi wa kumkamata kila muuzaji, imeweka uchungu kwenye hela yenyewe.

Mama yako akitazama hiyo milioni 12 haoni milioni 12. Anaona mkwezi yuko juu, anaona madafu, anaona makuti ya kuezekea jiko, na hitima ya babu waliyoisomea pale. Wewe unaona bajaji. Tangu watu wasikie bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani, kila kijana wa upande wa kaskazini ya mji akitazama shamba anaona mamilioni, sisemi ni vibaya, nasema jicho limebadilika kwa vijana na kwa wazee halijabadilika, na hapo hapo ndo mnapogombana.

Ila mama ana pointi hata kwa hesabu kavu. Shamba linaloota limegeuka chombo kinachochakaa. Bajaji ikianza kuingia gereji haitoki, na miaka mitano sita unabaki na chuma na huna nazi. Ushauri wangu ni ukate hiyo hela mafungu mawili na uyape majina mbele ya mama, kwa sauti. Fungu kubwa liitwe la babu, linunue ardhi nyingine hata kama ndogo, hata kama mbali Muheza huko kwenye machungwa, ipandwe kitu. Fungu dogo liitwe la kwako, ndo uanzie bajaji ya mtumba au uingie na mwenzio nusu kwa nusu. Usidhani majina ni mchezo. Mwaka 2013 Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya magharibi ya Kenya, waliwapa watu sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo wakaachiwa wenyewe, wakaambiwa tu hii ni hela ya afya, na mwaka ulivyopita waliopewa sanduku walikuwa wametumia zaidi kwenye vyandarua na mambo kama hayo kuliko wasiopewa. Ufunguo wanao mfukoni! Wangeweza kufungua wakanywea. Lakini jirani akija kukopa unamwambia hii ya dawa, na mwenyewe ukiishika unajisikia vibaya.

Na hitima msome. Usinunue sukari kimya kimya, waite watu.

SWALI: Shangazi mimi nauza chakula Duga, nimekopa kausha damu mara ya tatu sasa, rejesho kila siku. Kaka yangu mwalimu ananiita mjinga mbele za watu, anasema hata mtoto wa darasa la nne anajua kupiga hiyo riba. Na kweli nikiipiga saivi nikiwa nimetulia naiona. Wakati nakopa sikuiona. Nina matatizo ya akili?

JIBU: Huna, na kaka yako mwambie namsalimia. Kuna kazi ilifanywa India, jimbo la Tamil Nadu, kwa wakulima 464 wa miwa. Wale hela yao inaingia kwa mkupuo baada ya mavuno, kabla ya mavuno wengi wanakuwa wameweka vitu rehani. Kina Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao wakawapa mitihani ya akili, mtu yule yule mara mbili, kabla ya mavuno na baada. Kabla alifeli zaidi. Hajabadilika mtu, hajasoma shule katikati, kilichobadilika ni hela ipo au haipo, wakatoa hayo mwaka 2013. Ukiwa umebanwa unaona leo kwa ukali kuliko mtu yeyote, mchele, mkaa, maji, mteja wa chai, kesho inakuwa ukungu. Riba iko kwenye huo ukungu. Kaka yako mshahara unaingia mwisho wa mwezi, anaona siku thelathini kwa mpigo, anadhani ni akili zake.

Sasa mambo ya kufanya, maana kukupa pole tu haitalipa rejesho. Usikope wa nne kulipa wa tatu. Huyo anayekudai muulize leseni, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo, na asiye nayo akija na vijana kubeba godoro na majiko usikubali peke yako ndani, piga kelele kwa mwenyekiti wa mtaa. Halafu nenda ofisi ya maendeleo ya jamii uulizie mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, haina riba, ila lazima muwe kikundi na kikundi kina mlolongo wake, hutaipata wiki hii. Anza sasa hivi, siku ambayo umetulia kama ulivyotulia ulivyoniandikia. Na maamuzi yoyote ya hela uyafanye asubuhi ya siku uliyouza vizuri, usiyafanye usiku ukiwa umebaki na sufuria la wali.

SWALI: Shikamoo Shangazi mimi nina miaka 12 niko Ngamiani, Idd nilipata elfu kumi na nane kwa babu na kwa majirani, mama akachukua akasema ananiwekea. Sasa nikimuuliza ananiambia kwani unalala wapi na unakula wapi. Itarudi kweli?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Swali lako limekuja kutoka simu ya mama yako kwa hiyo naongea na mama moja kwa moja. Mama, kwako hiyo ni elfu kumi na nane iliyopitia mkononi mwezi wenye mambo mengi, najua, gesi iliisha. Kwa huyu ni hela yote aliyowahi kuwa nayo, na anajua noti ngapi zilikuwa mpya na nani alitoa ipi. Kama ipo mpe. Kama uliitumia mwambie niliitumia kwenye gesi, nakulipa elfu tatu kila Ijumaa, mwandikie kwenye daftari lake la shule ukurasa wa nyuma na uweke sahihi, mnunulie na kibubu cha udongo hapo sokoni. Na wewe mjukuu wangu usimkumbushe akiwa anapika.